Kiapo Batili na Uzito wa Neno

Katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955, iliyochapishwa 1962 baada ya kifo chake, J. L. Austin alishikilia kwamba kunena ni kutenda. Anayeapa au anayeahidi haelezi jambo lililokwisha kuwako. Hulileta kwa kulinena. Usemi wa aina hii haupimwi kwa ukweli au uongo, bali kwa kufaulu au kutofaulu. Sharti pawepo utaratibu unaokubalika, wahusika na mazingira yawe yanayostahili, na utaratibu wenyewe utekelezwe kikamilifu. Hayo yakikosekana, tendo huwa batili. Ukikosekana unyofu wa moyo, tendo hutendeka, ila mneni huwa amelitumia vibaya.

Ugumu wa nadharia hii umejificha katika neno moja: "unaokubalika". Unaokubalika na nani?

Tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga aliapa katika bustani ya Uhuru, Nairobi, kuwa "rais wa wananchi". Ibara ya 141 ya Katiba ya 2010 yataka Rais mteule aapishwe hadharani mbele ya Jaji Mkuu au, asipokuwapo, naibu wake. Uhuru Kenyatta alikuwa amekwisha kuapishwa tarehe 28 Novemba 2017. Kwa kipimo cha Austin, basi, kiapo cha Januari kilikuwa batili: hakikumpa mneni mamlaka yoyote ya dola.

Hata hivyo, dola haikukichukulia kuwa maneno matupu. Mnamo Desemba 2017, Mwanasheria Mkuu alikuwa ameonya kwamba kuapa hivyo kungekuwa uhaini. Na siku ya kiapo matangazo ya baadhi ya vituo vya televisheni yalizimwa. Yamkini mhakiki atajibu kwamba kilichoogopwa ni athari za maneno kwa umati, wala si tendo lililomo katika kunena. Jibu hilo halitoshi. Onyo la uhaini lililenga kuapa kwenyewe, kabla ya athari yoyote kudhihirika.

Lililo sawa ni kusema kwamba maneno yale yale yalibeba matendo mawili. Kama tendo la kutwaa cheo, yalishindwa. Kama tendo la kukataa kuutambua uchaguzi wa marudio wa tarehe 26 Oktoba 2017, yalifaulu, kwa kuwa tendo hilo halihitaji Jaji Mkuu. Lahitaji mneni anayesikika na hadhira inayoelewa. Ubatili wa kisheria, kwa hivyo, haumwondolei mneni dhima ya kile alichokitenda kwa neno lake.

Upande wa pili wa hoja ni mzito zaidi. Kiongozi anayeapa mbele ya jaji, kwa maneno kamili, huku hana nia ya kuyatimiza, amefaulu kwa vigezo vyote vya utaratibu. Hekima ya Waswahili, ahadi ni deni, haimuulizi aliyeahidi alikuwa na nia gani, humdai tu. Sheria huamua ni nani amekuwa rais. Haiwezi, kwa uamuzi huo peke yake, kuonyesha ni nani aliyelitimiza neno lake.