Mstari Mweupe



Kuna mchezo wa wanafunzi unaoitwa sumo ya roboti. Asili yake ni Japani, ambako mashindano ya nchi nzima yalianza mwaka 1990, na siku hizi wanafunzi wa nchi nyingi huucheza kwa roboti zilizojengwa kwa vitofali vya plastiki vya LEGO. Huku kwetu Chiungutwa wengi tumeuona kwenye simu tu. Mtoto wa huku akitaka kuunda gari bado anatafuta waya na kopo. Ila hainizuii kuuzungumzia.

Uwanja ni duara jeusi. Ule mdogo una upana wa sentimeta 77 tu, na ukingoni umezungushiwa mstari mweupe. Roboti mbili zinawekwa ndani, kila moja inajaribu kuisukuma nyingine nje. Pambano likishaanza hakuna rimoti, hakuna kugusa. Mwanafunzi aliyeiunda anasogea nyuma na kutazama. Yote aliyotaka kuiambia alishaiandika kwenye programu.

Roboti ina sensa mbili muhimu. Moja hutuma mawimbi ya sauti tusiyoyasikia ili kujua mpinzani yuko wapi. Nyingine imeinamishwa chini, karibu kabisa na sakafu: inamulika na kupima mwanga unaorudi. Nyeusi hurudisha kidogo, nyeupe hurudisha mwingi. Ikikuta nyeupe, roboti inarudi nyuma na kugeuka. Mliowahi kusimama pale Shimo la Mungu, Newala, mkaona uwanda unavyokatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma, mnajua kwa nini ukingo ni wa kutambuliwa mapema.

Sasa, wengine hapa wangekimbilia kuhubiri unyenyekevu, kwa kuwa roboti iliyo chini sana huinua matairi ya mwenzake na kushinda. Kiukweli mimi sikubali. Anayejishusha ili ampindue mwenzake hajanyenyekea, ana mbinu tu. Kinachonigusa ni ile sensa ya chini.

Sensa haijui "nyeupe". Inajua namba, kuanzia 0 hadi 100. Kwa hiyo kabla ya pambano mwanafunzi anaiweka juu ya nyeusi, anasoma. Anaiweka juu ya nyeupe, anasoma tena. Kisha anachagua namba ya katikati iwe mpaka. Tuseme nyeusi ni 10 na nyeupe ni 60: mpaka unakuwa 35. Aliyepimia kwenye taa kali, akaja kushindana penye giza bila kupima upya, anaweza kuiona roboti yake ikipita juu ya mstari kana kwamba haupo. Mstari haujahama. Na kinyume chake kipo: roboti inayoona nyeupe kila mahali, inarudi nyuma hata ikiwa katikati ya uwanja, haithubutu chochote. Walezi wa roho wanawajua watu wa aina zote mbili.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 16, unaitazama dhamiri kama mahali pa ndani kabisa ambapo mtu yuko peke yake na Mungu. Katekisimu, namba 1784, inaongeza kwamba kuilea dhamiri ni kazi ya maisha yote. Na Mtakatifu Thoma wa Akwino, ambaye miaka ya falsafa hatukulala kwa ajili yake, anafundisha jambo gumu: dhamiri hata ikikosea inakufunga, lakini kama imekosea kwa uzembe wako mwenyewe, huna pa kujitetea. "Mimi sikuona ubaya" si jibu, kama uliacha kupima.

Mfikirie kijana aliyetoka huku kijijini akaenda kusoma mjini. Mkeka wa kwanza aliouweka, mikono ilitetemeka. Wa tano hata hakumbuki siku. Novemba mama yake amelipwa korosho, ametuma ada, na ile ada inaingia kwenye mechi za Jumamosi. Anayemwambia "umebadilika" anamshangaa, maana moyoni hakuna kengele iliyolia. Taa za geto zilibadilika, kipimo hakikuguswa. Tena simsemi mtu wa mbali: wapo wanaosoma hapa leo, na mama bado hajui.

Kuna kosa lingine la programu, nilipite haraka. Wanafunzi huiamuru roboti isukume kwa nguvu zote, wakasahau kuiamuru isome mstari wakati inasukuma. Mpinzani akikwepa, inajitupa nje yenyewe. Ukiwaona wanaotetea imani kwa matusi kwenye magrupu ya WhatsApp, ndio hao.

Mfano wangu una kikomo. Roboti ikiona mstari inageuka, haina namna nyingine. Wewe na mimi tunaweza kuuona vizuri kabisa na bado tukaendelea. Paulo analia juu ya hilo katika Warumi 7. Ndiyo maana roboti haiungami. Ila hata yenyewe ikianguka, aliyeiunda huinama, huiokota kwa mkono wake, na kuirudisha uwanjani kwa raundi inayofuata.

Padre wa parokia yako ana saa zake za kitubio. Kama huzijui, muulize katekista. Usiku wa kabla yake kaa dakika kumi, simu ikiwa chumba kingine, ujiulize jambo moja: ni kitu gani mwaka jana kilinitetemesha na mwaka huu hakinitetemeshi? Anza kuungama na hicho. Na kama ni ile ada, mpigie mama kwanza.