ZAWADI YA MSAFIRI: NI HIBA AU NI DENI?



Ni ada ya watu wa pwani yetu, tangu zama za majahazi hata hizi za ndege, kuwa msafiri hangojewi yeye tu bali hungojewa na alichokileta. Aendaye Haji au Umra hutarajiwa maji ya Zamzam, tende za Madina, tasbihi, misala, kofia, udi na mafuta mazuri. Na kwa kuwa mizigo ya ndege ina kipimo chake, wako wasiongoja kurejea. Hufunga vifurushi huko huko Makka au Madina, wakavipeleka kwa posta au kwa mawakala wa mizigo, vikafika Mombasa au Lamu wakati wenyewe wangali katika ibada. Jambo hili kwa dhahiri yake ni jema. Walakini ndani yake mna suali ambalo yatupasa tuliangalie kwa jicho la sharia, nalo ni hili: Kitu anachokitoa mtu kwa kuogopa kusemwa, je, chafaa kuitwa zawadi?

Kwanza twasema kuwa kupeana zawadi ni katika mwenendo wa Mtume wetu (S.A.W.). Imam Bukhari amepokea kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba Mtume alikuwa akikubali zawadi na akilipa wema kwa wema. Naye aliwahimiza wanawake wa Kiislamu wasidharau kumpa jirani kitu, japo ni ukwato wa mbuzi. Ama maji ya Zamzam, Imam Tirmidhi amepokea kwamba Bibi Aisha alikuwa akiyachukua, na akieleza kuwa Mtume naye alikuwa akiyachukua. Basi mwenye kudai kuwa kuleta zawadi kutoka Haji ni uzushi, huyo amesema lisilokuwa.

Hata kupeleka zawadi ng'ambo ya bahari kuna asili yake. Imam Ahmad amepokea Hadithi, ijapokuwa baadhi ya wanazuoni wameisema isnadi yake, kwamba Mtume alimpelekea Najashi wa Uhabeshi joho na miski, kisha akamwambia Bibi Umm Salama kuwa yeye aona Najashi amekwisha kufa, na kwamba zawadi ile itarudi. Na iliporudi, Mtume aliigawa miski ile kwa wakeze, na iliyobakia akampa Bibi Umm Salama pamoja na lile joho.

Ndugu msomaji, zingatia kisa hiki. Zawadi ilikwisha kutoka, ikavuka bahari, walakini kwa kuwa haikumfikia mwenye kupelekewa, ilirudi ikawa mali ya mwenye kupeleka. Na hivi ndivyo yalivyo madhehebu ya Imam Shafi ambayo ndiyo tuyafuatayo sisi pwani: hiba haimilikiwi ila baada ya kukabidhiwa. Kifurushi kilichoko njiani bado ni mali ya aliyekifunga. Kikipotea, kimempotea yeye. Akifa kabla hakijapokewa, ni hiari ya warithi wake kukitoa au kutokitoa. Ikiwa hata kitu kilichokwisha kutiwa posta huna haki nacho mpaka kikufikie mkononi, vipi utakuwa na haki na kitu ambacho mwenzio hata hajakinunua? Na ikiwa huna haki nacho, wamkasirikia kwa lipi?

Hapa ndipo penye ugonjwa wetu. Msafiri hajafunga mizigo yake, nyumba nzima imekwisha kumpa orodha. Na zama hizi simu humfuata mpaka mlangoni pa Msikiti Mtukufu, ikimkumbusha rangi ya misala na kipimo cha kanzu. Akirejea akampa huyu na asimpe yule, atasemwa mwaka mzima. Basi maskini yule hununua si kwa mapenzi, bali kwa kujikomboa na ndimi za watu. Hiyo si hiba tena. Ni kodi, na kodi isiyo sharia wala serikali nyuma yake.

Na madhara yake hayakomi kwenye mfuko. Mwenyezi Mungu ameifaradhisha Haji, katika Sura ya Al Imran aya ya 97, kwa mwenye kuweza njia ya kuendea. Na wanazuoni wamekueleza kuweza huku: chakula, nauli, usalama wa njia, na masurufu ya wale anaowalisha mpaka arejee. Hawakutaja zawadi za majirani. Walakini kwa sisi leo mtu huwa na nauli na masurufu kamili, akaiahirisha Haji kwa kuwa hana cha kuwaletea watu, na ilhali hakuna ajuaye kama mwaka ujao atakuwako. Mwengine hukopa, akarudi kutoka nyumba ya Mola wake ana deni la tasbihi. Je, si msiba kuwa nguzo ya tano ya Uislamu izuiwe na ada yetu wenyewe?

Kuna na baya jengine, nalo ni uongo wa karatasi. Kifurushi chochote kiendacho nchi nyengine hutakiwa karatasi ya forodha, iandikwe mna nini ndani, uzito wake, thamani yake, na kama ni zawadi au ni biashara. Wako waandikao zawadi na ilhali bidhaa zakwenda dukani, na wako waandikao thamani nusu ya waliyolipa. Hao hudhani kuwa uongo ulioandikwa kwa kalamu si uongo. Hapana shaka ni ushahidi wa uongo, na ni ajabu kuuandika mtu aliyetoka kutufu Al-Kaaba, tena juu ya kifurushi chenye misala ya kusalia!

Watu watatwambia: "Zawadi za Makka ni baraka, nanyi mwataka kutuzuilia baraka." Twajibu: Zamzam ina fadhila yake iliyothibiti. Ama misala na tasbihi za madukani, nyingi hutoka Uchina na Uturuki, na kuuzwa karibu na Haram hakuzibadilishi. Na udongo na mawe ya Haram, Imam Nawawi amesahihisha kuwa haijuzu kuyatoa nje ya Haram, seuze kuyatia katika kifurushi!

Watasema tena: "Asiyeleta kitu amekata udugu." Twajibu kwa mwenendo wa Mtume mwenyewe. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alipomtaka Mtume ruhusa ya kwenda Umra, Mtume alimpa ruhusa, kisha akamwomba asiwasahau katika dua yake. Huyu ndiye mbora wa viumbe, na haya ndiyo aliyoyaagiza kutoka Makka. Hakuagiza nguo wala manukato. Dua haina uzito, hailipiwi forodha, haipotei njiani, na maskini aweza kuileta kama tajiri.

Basi nasaha yetu ni hii. Wewe msafiri, ukiwa na wasaa, leta au peleka ulichokipenda moyo wako, na wazee wetu wamesema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Andika kweli katika karatasi yako. Usikope, wala usiuze saa za Haram kwa saa za sokoni. Nawe uliyebaki nyumbani, usimpe msafiri orodha. Mpe radhi yako na umwombe dua. Akija, mtazame uso wake kabla ya mkoba wake. Akikupa, shukuru, asipokupa, mshukuru Mola aliyemrudisha salama. Tukifanya hivyo zawadi itarudi kuwa zawadi, na njia ya Makka itawawia nyepesi wale walioiacha kwa kuogopa ndimi zetu.