Kosa la Kamera na Hali ya Siku

Mhariri wa video mjini Bujumbura hukutana kila wiki na swali ambalo wanafalsafa na wanatheolojia wamelibishania kwa karne nyingi: picha ikishaguswa, bado ni shahidi? Chukua harusi ya kawaida ya Jumamosi. Asubuhi ndoa inafungwa kanisani chini ya taa za mirija zinazotupa ukijani kwenye kila shavu. Saa kumi jioni maharusi wako ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, jua likiteremkia milima ya Kongo na kupaka kila kitu dhahabu. Usiku ni ukumbini, taa za zambarau na buluu zikizunguka juu ya vichwa vya watu. Kamera ni mbili au tatu, kila moja na kampuni yake. Klipu zikishaingizwa kwenye kompyuta, bibi harusi mmoja ana nyuso tatu, na mhariri lazima aamue ni upi ulio wake. Ninachotetea hapa ni kwamba kusahihisha rangi ni suala la haki kabla halijawa suala la uzuri, na kwamba uaminifu wa kazi hiyo unategemea sana mahali inapowekwa katika mfuatano wa uhariri.

Pingamizi la kwanza ni la mtu mnyoofu: kamera imeona ilichoona, anayebadilisha anasema uongo. Pingamizi hili linaiamini mno kamera. Mwanatheolojia Ghazali, katika kitabu chake cha kusimulia alivyotoka kwenye shaka, alikumbusha kwamba jicho huona kivuli kimetulia ilhali kinasogea, na huiona nyota kama sarafu ilhali hesabu inaonyesha ni kubwa kuliko dunia. Kabla yake, Ibn al-Haytham wa Cairo alieleza katika kitabu chake cha elimu ya mwanga kwamba kuona si kupokea tu. Ndani yake kuna hukumu, ya haraka kiasi kwamba mwenye jicho haijui. Kamera nayo inahukumu, ila hukumu yake iliandikwa kiwandani. Sehemu kubwa ya kamera za leo hufuata mpangilio wa vichujio uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak na kupewa hataza mwaka 1976: kila nukta ya kihisi hupokea rangi moja tu, nusu yake kijani, robo nyekundu, robo buluu. Rangi mbili zinazokosekana katika kila nukta hukokotolewa kutoka kwa majirani zake. Maana yake, theluthi mbili ya rangi katika hiyo picha inayoitwa asilia ni makisio ya mashine kabla mhariri hajafika.

Hukumu za aina hiyo hazikuwa za haki kwa wote hata enzi za filamu. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilisawazisha mitambo yao kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, maarufu kwa jina la Shirley. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha rangi sahihi. Mtafiti Lorna Roth wa Montreal, katika makala yake ya mwaka 2009, alionyesha kwamba Kodak ilisukumwa kuboresha filamu zake si na malalamiko ya watu weusi tu, bali pia na watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao ambao bidhaa zao zilitoka vibaya kwenye matangazo. Léonce Ngabo alipotoa Gito l'ingrat mwaka 1992, filamu ndefu ya kwanza ya Burundi, bado uamuzi mkubwa juu ya rangi ya uso wa Mrundi ulikuwa kwa kiwanda kilichotengeneza mkanda wa filamu na kwa maabara. Mwaka 2009 Ngabo alianzisha tamasha la filamu la FESTICAB mjini Bujumbura, na mwaka huohuo kampuni ya Australia, Blackmagic Design, iliinunua da Vinci, kampuni ya mitambo ya rangi iliyokuwa ya studio za matajiri, kisha ikaitoa programu yake katika toleo la bure. Uwezo ule sasa umo kwenye kompyuta ya kijana wa Kinama au Nyakabiga. Kuacha rangi jinsi ilivyotoka kwenye kamera, kwa kijana huyo, ni kukubali hukumu ya mtu mwingine na kuiita ukweli.

Lakini hapo ndipo pingamizi la pili linapokuja, nalo ni zito zaidi. Kama kila picha tayari ni hukumu, nini kinamzuia mhariri kuhukumu apendavyo? Augustino, askofu Mwafrika wa Hippo, aliandika juu ya uongo karibu na mwaka 395 na akauweka kwenye nia: mwongo ni yule ambaye moyoni ana hili na mdomoni anatoa lile kwa kusudi la kudanganya. Aliona pia kwamba mtu anaweza kusema kweli tupu huku akikusudia kupotosha. Kwa hiyo picha isiyoguswa si lazima iwe nyoofu, na iliyoguswa si lazima iwe potofu. Nia peke yake, hata hivyo, ni kipimo dhaifu, maana kila mtu huisamehe yake. Ninapendekeza kipimo kinachoweza kuonekana kwa macho: kosa la kamera liondolewe, hali ya siku ibaki.

Tukijaribu kwenye mfano wa karibu: wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, vumbi na moshi hutanda juu ya ziwa hadi milima ya Kongo ikapotea. Programu inaweza kuivuta milima ile itokeze tena, buluu na mikali. Hapo mhariri hajasahihisha kamera, amesahihisha Agosti. Lakini uso uliozama gizani kwa sababu kamera ilipimia mwanga wa anga nyuma yake ni jambo jingine. Mtu aliyesimama pale aliuona vizuri, na kuurudisha ni kumrudishia haki yake. Vivyo hivyo kwa wapiga ngoma wa Burundi, ambao ngoma yao ya kifalme iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa binadamu. Mavazi yao mekundu, meupe na ya kijani ni mtihani wa aina yake. Kamera nyingi hulemewa na nyekundu ile kwenye jua, mikunjo ya kitambaa ikafutika na kubaki bapa moja la rangi. Nyeupe nayo, kwa bahati nzuri, humwambia mhariri ni kiasi gani picha imeelemea manjano au buluu. Kuipunguza nyekundu hadi mikunjo ionekane si kuipora ngoma ukali wake.

Vipo pia vipimo visivyojali mapenzi ya mhariri. Vektaskopu, ile duara inayoonyesha aina ya rangi bila kujali giza wala mwanga, ina mstari ambao ngozi za binadamu, zikiwa chini ya mwanga wa kawaida, hukaa karibu nao, awe Mnorwe au Mrundi. Wanatofautiana kwa mwanga na kwa ukolevu kuliko wanavyotofautiana kwa aina ya rangi. Katika nchi ambayo wakati wa Wabelgiji watu wake walipimwa pua na urefu ili wagawanywe, chombo kinachowaweka wote karibu na mstari mmoja kinastahili kutazamwa mara mbili. Sura ya 83 ya Kurani, Al-Mutaffifin, imewaonya wanaojipimia kwa ukamilifu na kuwapunja wengine. Sioni sababu ya kudhani onyo hilo linaishia kwenye mchele.

Sasa, mfuatano wa kazi. Desturi ya wengi ni kuhariri kwanza hadi hadithi ifungwe, kisha kugusa rangi, na wana sababu nzuri: anayepamba mapema huipenda picha kwa uzuri wake, akashindwa kuikata hata isiposema kitu. Ila desturi hii ina dhuluma yake. Mzee aliyezungumza jambo zito kwenye kona yenye giza huachwa nje ya video, na kijana aliyesema porojo mbele ya dirisha anabaki, kwa kuwa klipu yake inavutia. Kwa hiyo kazi ya rangi igawanywe. Mwanzo kabisa, klipu zote zipewe usawazisho mwepesi wa mwanga na weupe ili ziingie kwenye uchaguzi zikiwa sawa. Kisha uhariri ufanywe na kufungwa. Baada ya hapo ndipo klipu zilinganishwe moja baada ya nyingine, uso kwanza, anga baadaye. Mwonekano wa kisanii, kama upo, uje mwisho kabisa, katika tabaka lake, linaloweza kuzimwa. Ubora mkubwa wa programu za leo ni kwamba marekebisho hukaa kando kama maelezo pembeni mwa kitabu. Faili la kwanza halibadiliki, na anayetilia shaka anaweza kuonyeshwa.

Wapo watakaosema hayo ni anasa: umeme hukatika, mteja anataka video yake Jumatano, na bei haitoshi. Ni kweli, lakini usawazisho wa mwanzo ninaousema hauchukui siku. Klipu za kamera moja mahali pamoja hurekebishwa kwa mkupuo. Kinachochukua muda ni mapambo, nayo ndiyo yapunguzwe. Ugumu halisi uko kwingine. Mteja mwenyewe huomba bibi harusi ang'arishwe hadi aonekane mweupe kuliko alivyo, naye ndiye anayelipa. Wengine hujibu kwamba sherehe si mahakama, na furaha ya familia ina haki yake. Nakubali furaha ina haki, na mhariri ana nafasi pana ya kuitumikia, kuanzia muziki hadi mpangilio wa matukio. Lakini video hiyo itatazamwa na watoto wake wasiokuwepo siku ile, na hawatakuwa na njia ya kujua kwamba rangi ya mama yao ilibadilishwa kwa ombi. Ombi hilo likataliwe, hata kama jirani wa studio ya pili atalikubali.