Mzee na nyumba kubwa: nani aamue?

Hapa Rugenge na katika mitaa mingine ya Uvira, si mara moja tunaona mjane amebaki peke yake katika nyumba ya vyumba sita. Watoto wamejenga Bukavu, wengine wako Kinshasa ao ng'ambo. Mabati yanavuja, vyumba vya nyuma havifunguliwi tena. Ndipo watoto wanakuja na shauri: "Mama, tuuze hii, tukutafutie kanyumba kadogo." Je, ni upendo ao ni tamaa?

Shauri lenyewe si baya. Nyumba kubwa inamchosha mzee. Na kando ya maji iko hatari: Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa nyumba nyingi; miaka hiyo na tena 2024, ziwa Tanganyika lilipanda likaingia viwanjani. Anayemwomba mama yake ahame fasi kama ile anamwokoa.

Lakini kwetu, nyumba ya mzee si ya kulala tu. Ndimo posa inapokelewa, ndimo ugomvi wa ndugu unakatwa, ndimo matanga yanakaa. Baba alipofariki, mimi na wadogo zangu tulimshauri mama auze. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Wakati wa vita vya 1996 mlikimbia wote. Mliporudi, mlirudi wapi?" Tulinyamaza. Kusema kweli, kila mmoja wetu alikuwa amekwisha kuhesabu fungu lake.

Hata wanaohesabu vyumba wanaweka mpaka. Uingereza, tangu 2013, mpangaji wa nyumba za umma mwenye chumba cha ziada hupunguziwa msaada wa kodi, lakini waliofikia umri wa pensheni hawaguswi. Kwetu, Sheria ya Jamaa ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawapa watoto urithi, lakini inamwachia mjane haki ya kuitumia nyumba aliyoishi na mumewe. Mrithi asimfukuze.

Basi tupime shauri letu kwa maswali matatu. Nani ameanza kulitaka: mzee ao sisi? Feza zitakaa mkononi mwa nani? Na akisha kuhama, wajukuu na majirani watamfikia bado?

Iko njia ambayo wengine wameifuata vizuri: kujenga vyumba viwili palepale kiwanjani, mzee ahamie humo, nyumba kubwa ipangishwe. Kodi ile ni ya mzee, na karatasi za kiwanja anazishika yeye mwenyewe. Mama yangu alikubali hivyo, lakini miaka miwili baadaye, siku aliyoichagua yeye. Sebule kubwa alikataa kuipangisha, juu ya matanga.

Kumshauri mzee ni kazi ya mtoto. Kumwamulia, akingali na akili zake timamu, ni kumzika kabla ya siku yake.