NYOTA ZA KALE NA THAMANI YA MTU



Hapa Sange, usiku umeme ukikosa na mwezi haujatoka, mbingu juu ya bonde la Ruzizi hujaa nyota, toka milima yetu hata milima ya Burundi. Vijana wetu wanaosoma hutuuliza: wataalamu wanasema ziko nyota zenye miaka zaidi ya bilioni 13. Kama ni hivyo, maisha ya mtu ya miaka 60 ni kitu gani? Swali hili si la mchezo. Mtu akiamini kwamba yeye si kitu, ataona na jirani yake si kitu, na damu ya jirani itamwagika bila yeye kushtuka. Sisi wa Kivu tunalijua jambo hilo.

Kwanza, tuelewe wanachosema. Mwaka 2007, mtaalamu Anna Frebel na wenzake walitangaza umri wa nyota iitwayo HE 1523-0901, waliyoipima kwa darubini kubwa iliyoko Chile. Walitazama uraniamu na thoriamu ndani yake, vitu vinavyopungua polepole kwa mwendo unaojulikana. Ni kama mama anayeangalia makaa yaliyobaki akajua moto uliwashwa lini. Walipata miaka bilioni 13.2. Mwaka 2014, wataalamu wa Australia walitangaza nyota nyingine, ambayo chuma chake hakifiki hata sehemu moja ya milioni kumi ya kile cha jua. Chuma kidogo namna hiyo ni alama ya uzee. Nyota za kwanza kabisa hazikuwa na chuma. Kilipikwa ndani ya nyota, nazo zilipolipuka na kufa zikakitawanya, na zilizofuata zikazaliwa nacho.

Pili, vipimo hivi ni vya wanadamu. Nyota HD 140283 imepewa jina la Methusela, mzee wa kitabu cha Mwanzo aliyeishi miaka 969. Mwaka 2013 kipimo kimoja kiliipa miaka karibu bilioni 14.5, na huku ulimwengu wote unahesabiwa kuwa na bilioni 13.8! Wapimaji hawakuficha, walisema hesabu yao inaweza kupungua au kuzidi kwa bilioni 0.8, na baadaye wengine walipata miaka pungufu. Basi asiyepima asiwacheke, na anayepima asijivune.

Tatu, wingi wa miaka peke yake si thamani. Juu ya Methusela mwenyewe Biblia haituambii tendo lolote kubwa, ila kwamba alizaa, akaishi siku nyingi, akafa. Nyota nayo haijui kwamba ni mzee. Mtoto anayeiangalia na kuuliza, yeye anajua. Daudi katika Zaburi ya 8 aliona udogo wa mtu chini ya mbingu, lakini hakumaliza kwa kusema mtu ni bure.

Tukumbuke tarehe 2 Julai 2010. Gari kubwa la mafuta lilipinduka hapa kwetu, likawaka moto, na watu zaidi ya 200 wakafa. Wengine walikuwa wametulia wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Nani atasimama kwenye makaburi yale na kusema kwamba, mbele ya miaka bilioni 13, hao walikuwa vumbi tu? Hatathubutu, na moyo wake utamwambia kwa nini.

Tena, tuangalie jambo la chuma. Chuma cha jembe letu, na kile kilicho ndani ya damu yetu, kilitoka katika nyota zilizokufa zamani. Hakuna aliyekitengeneza mwenyewe, sote tumepokea. Ni chuma hicho hicho kilichofanywa bunduki. Nyota haikuchagua kitumike namna gani. Sisi tunachagua, na ndiyo maana sisi tutaulizwa.

Basi, wazazi, msiwakataze watoto kujifunza habari za nyota. Waonyesheni mbingu, waacheni wahesabu. Kisha wafundisheni kwamba jirani aliye mlangoni, hata kama ataishi siku chache, hapimwi kwa hesabu hiyo.

Bwana awabariki. Amina.