Jumanne: Nishani Iliyochelewa

Soma Waebrania 6:10 na 1 Wathesalonike 4:16. Mungu hasahau nini, na waliolala watafanyiwa nini kwanza?

Katika Vita vya Pili vya Dunia, baharia wa kawaida wa Uingereza, hata mpishi wa meli, alistahili Nyota ya Atlantiki kwa kutumika miezi 6 katika bahari ile, juu ya miezi 6 aliyopatia Nyota ya 1939–1945. (Hatuvisifu vita hapa, tunatazama malipo.) Nahodha naye alipewa nyota iyo hiyo. Lakini haikuja yenyewe. Baharia alipaswa kuiomba, na wengi hawakuomba kamwe. Tena serikali haikuchora jina la mtu juu yake.

Waliosindikiza misafara ya meli kwenda Urusi kupitia bahari ya Aktiki, katika baridi na barafu, walingoja zaidi. Nyota yao ilianza kutolewa mwaka 2013, miaka 68 baada ya vita kwisha. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Jamaa zao wakaipokea badala yao.

Hapo serikali yoyote hufika mwisho wa uwezo wake. Yaweza kumkumbuka marehemu, haiwezi kumwita aje kupokea. Bwana arudipo na ujira wake (Ufunuo 22:12), kwanza huwaamsha waliolala, ndipo huwalipa. Shemasi aliyefua vitambaa vya Meza ya Bwana miaka 30 atapokea kwa mkono wake mwenyewe.

Ni nani kanisani kwenu ametumika hivyo bila kutajwa, naye angali hai?