Mshika Nyoka na Buruji Kumi na Mbili

Januari 2011 gazeti la Star Tribune la Minneapolis, Marekani, lilichapisha mazungumzo na Parke Kunkle, mwalimu wa astronomia katika chuo kimoja cha mji huo. Kunkle alieleza jambo ambalo wataalamu wa anga wanalijua tangu zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita: mhimili wa dunia huyumba polepole, na ndiyo maana tarehe zinazotajwa kwenye safu za nyota magazetini hazilingani tena na mahali jua lilipo angani. Tena, baina ya Nge na Mshale jua hupita kwenye kundinyota jingine, Ophiuchus, yaani Mshika Nyoka, mtu aliyemkamata nyoka kwa mikono miwili. Baada ya siku chache tu, habari ikawa imezagaa dunia nzima. Waliojichora tatuu ya nge begani waliuliza sasa wafanyeje, na wengine walisema wazi kwamba wamenyang'anywa kitu walichojitambulisha nacho tangu utotoni.

Mwaka 2016 mambo yakajirudia, safari hii chanzo kikiwa maelezo ambayo NASA iliwaandalia watoto. Shirika hilo lilijibu kwamba halijabadilisha buruji ya mtu yeyote, limepiga hesabu tu.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwa ramani za anga zinazotumika leo, jua huingia Nge tarehe 23 Novemba hivi na kutoka baada ya wiki moja. Kisha hukaa kwa Mshika Nyoka kama siku 18, mpaka katikati ya Desemba. Katika Mashuke hukaa siku zipatazo 45. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa tarehe 5 Desemba, ambaye kila gazeti litamwita wa Mshale, jua lake lilikuwa miguuni pa Mshika Nyoka.

Wengi wanaoishabikia habari hii hudhani Mshika Nyoka amegunduliwa juzi, au kwamba alifichwa makusudi. Hakufichwa. Ptolemy wa Iskandaria, aliyeandika katika karne ya 2, alimworodhesha miongoni mwa makundinyota yake 48. Mwaka 964 mwanaastronomia al-Sufi naye alimweleza katika kitabu chake cha nyota kwa jina la al-Hawwa, mcheza na nyoka. Waliomwacha nje ya buruji walikuwa wakimtazama kila mwaka akichomoza. Sababu ya kumwacha inapatikana Babeli. Orodha za kale za huko zilitaja makundinyota kama 17 kwenye njia ya mwezi, lakini kufikia karne ya 5 kabla ya Kristo wataalamu wa Babeli walikuwa wameigawa njia ya jua katika vipande 12 vilivyo sawa, kila kimoja nyuzi 30. Mwaka wao wa hesabu ulikuwa na miezi 12 ya siku thelathini thelathini, na vipande vya anga vikafuata mwaka huo. Ulikuwa uamuzi wa watu wa hesabu waliotaka kipimo kinachogawanyika vizuri, na kila kipande kikapewa jina la kundi la nyota lililokuwa jirani.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Siku 18 za Mshika Nyoka nazo ni uamuzi wa watu. Hadi karne ya 20 makundinyota hayakuwa na mipaka iliyokubaliwa na wote. Mwaka 1928 Muungano wa Kimataifa wa Astronomia uliidhinisha mipaka rasmi ya makundi 88, iliyochorwa na Mbelgiji Eugène Delporte. Ikachapishwa mwaka 1930. Nyota zenyewe hazina ua wala bikoni. Kama mistari ile ingepindishwa kidogo, Nge angeongezewa siku na Mshika Nyoka angepungukiwa. Anayesema "anga halisi lina buruji 13" anategemea penseli ya Mbelgiji, kama vile anayesema 12 anavyotegemea rula ya Babeli.

Kwa hiyo wanajimu wana haki wanaposema kwamba Mshika Nyoka hawavunjii nyumba. Hoja yao ina mizizi mirefu. Hipparchus wa Ugiriki aligundua kuyumba kwa mhimili katika karne ya 2 kabla ya Kristo. Dunia huyumba kama pia inayokaribia kuanguka, isipokuwa mzunguko mmoja wa kuyumba kwake huchukua karibu miaka 25,800, sawa na nyuzi moja kwa kila miaka 72. Ptolemy alilijua hilo, akaamua kuanza kuhesabu buruji siku ya usawa wa usiku na mchana mwezi Machi, bila kujali nyota zitakuwa zimesogea wapi. Wanajimu wa Ulaya na Marekani humfuata yeye. Wa India hufuata nyota zenyewe, na tofauti kati ya kambi hizo mbili imefikia takriban nyuzi 24. Aliyezaliwa tarehe 5 Aprili ni wa Hamali kwa mnajimu wa London, na wa Samaki kwa mnajimu wa Mumbai. Mabishano hayo ni ya zamani na ni mazito kuliko ya Mshika Nyoka, ingawa hayajapata kelele kama zile za mwaka 2011.

Hata hivyo utetezi huo una gharama, na hapa ndipo swali la kifalsafa linapoanza. Mnajimu akisema buruji ni majira tu, wala haitegemei nyota, sumu ya nge inatoka wapi? Fahari ya simba inatoka wapi? Tabia hizo zilisomwa kwenye maumbo ya nyota, na maumbo hayo yamekwisha kuhama. Akijibu kwamba tabia zinatokana na majira, basi atueleze ni majira ya nani. Ptolemy aliihusisha Hamali na mwanzo wa machipuko, majira yanayofuata baridi ya kaskazini. Tarehe 21 Machi Dar es Salaam inasubiri masika, na Cape Town majani yanaanza kupukutika. Mtoto aliyezaliwa Temeke siku hiyo amekuta joto na mawingu ya mvua. Kumpa tabia kwa kipimo cha machipuko ya Iskandaria ni kumvika nguo iliyokatwa kwa mwili wa mtu mwingine.

Pwani ya Afrika Mashariki ina njia yake, nayo inaanika swali hili waziwazi kuliko kitu chochote kilichosemwa Minneapolis. Mwalimu wa falaki wa jadi mara nyingi haulizi tarehe ya kuzaliwa. Huuliza jina lako na jina la mama yako. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake katika abjadi: alifu ni 1, be ni 2, na kuendelea. Tuchukue Ali mwana wa Mariamu. Ali huandikwa kwa ayni 70, lamu 30 na ye 10, jumla 110. Mariamu ni mimu 40, re 200, ye 10 na mimu 40, jumla 290. Zikijumlishwa ni 400. Mwalimu huondoa kumi na mbili kumi na mbili mpaka isiwezekane tena, na kinachobaki ni 4. Nyota ya Ali ni ya nne, Saratani, yaani Kaa. Kitabu cha falaki kinachonasibishwa na mnajimu Abu Maashar wa Balkh, aliyefariki mwaka 886, ni maarufu miongoni mwa wenye elimu hii.

Sasa aingizwe Mshika Nyoka. Mia nne ikiondolewa kumi na tatu kumi na tatu hubaki 10, na Ali anahama kutoka Kaa hadi Mshale. Hakuna sayari iliyosogea, wala hakuna aliyeinua macho kutazama juu.

Haya yangekuwa ya kupitishia muda barazani kama hayangeamua maisha ya watu. Lakini yanaamua. Posa huvunjika kwa sababu "nyota haziendani". Matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme huahidi kusafisha nyota iliyofifia, kwa malipo. Marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki Dar es Salaam Mei 2011, miezi minne baada ya kelele za Minneapolis, alikuwa mnajimu ambaye utabiri wake ulifuatiliwa na wananchi na wanasiasa pia. Binti aliyekataliwa kwa sababu ya baki la hesabu ana haki ya kuuliza kwa nini kigawanyo kiwe 12.

Wanazuoni wa Kiislamu walitenganisha mapema elimu ya mwendo wa anga na hukumu za nyota. Ibn al-Shatir, mmoja wa wanaastronomia wakubwa wa karne ya 14, kazi yake ilikuwa kupima nyakati za sala katika Msikiti wa Umayya, Damascus. Ibn Sina aliandika risala ya kuwapinga wanajimu, na Ibn Khaldun akawatengea sura nzima katika Muqaddima. Msingi wao ulikuwepo tangu mwaka 632. Jua lilipopatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, watu walisema anga linaomboleza. Baba aliyekuwa msibani aliwakatalia: jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kwa kuzaliwa kwa mtu. Lilikuwa tamko zito mno kutoka kwa mtu ambaye uvumi ule ungeweza kumpandisha hadhi.

Upande wa Wakristo, Agustino wa Hippo aliwaamini wanajimu ujanani mwake. Kilichosaidia kumtoa huko ni kisa alichosimuliwa na rafiki yake Firminus, na alikiandika katika Maungamo. Baba yake Firminus alikuwa na rafiki, na wote wawili walikuwa wapenzi wakubwa wa unajimu. Mama yake Firminus alipokuwa mjamzito, mjakazi wa yule rafiki naye alikuwa mjamzito. Wanaume hao walihesabu siku na saa kwa uangalifu mkubwa, wakatumiana wajumbe mara tu watoto walipozaliwa. Wajumbe wakakutana katikati ya njia. Watoto walikuwa wamezaliwa dakika moja, na hesabu ya nyota zao haikutofautiana hata chembe.

Mmoja alikua katika mali na heshima, na mwingine akaendelea kuwatumikia mabwana zake. Kwa buruji 12 hesabu yao ni moja, na kwa 13 ni moja vilevile. Kilichowatenganisha kilikuwa sheria ya utumwa ya Roma, iliyotungwa na watu na kulindwa na watu, kama ile ya Unguja iliyofutwa kwa amri moja Aprili 1897.